Usanii wa unga kwenye samaki: wana Oldeani tunapigwa changa la macho

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, na si kwamba bumu limeingia nikapotelea mjini, ni testi tu zilinibana. Sasa zimeisha. Niko hosteli, feni inazunguka bila kupoza kitu, joto la Mwanza mnalijua. Nina jambo limenikaa kooni tangu likizo na leo nalitema. Sisemi siasa leo. Nasema samaki. Na wewe unayedhani samaki si jambo zito, vuta kiti.

Hoja yangu naiweka mezani mapema, mwenye haraka aondoke nayo. Unga tunaomgaragazia samaki kabla ya kumtumbukiza kwenye mafuta una kazi ya kumtunza samaki mzuri asiungue, asikauke na asivunjike. Basi. Siku hizi tumeubadilishia kazi, tumeufanya pazia. Samaki wa juzi anavalishwa ganda nene, ganda linatiwa rangi ya njano, halafu anauzwa kana kwamba katoka ziwani alfajiri. Huo ni usanii mtupu, na wanaoulea ni sisi tunaokula na kulipa.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Oldeani, Karatu. Ukitoka Karatu mjini kuelekea geti la Ngorongoro, pale Njiapanda unaiacha barabara ya watalii unakata kushoto. Unapita kwenye kahawa, ngano, mahindi na mbaazi, mlima Oldeani ukikutazama. Ukizidi kuteremka unafika Mang'ola kwenye vitunguu, na mbele yake lipo Ziwa Eyasi. Ziwa lenyewe ni la chumvi, halina mto unaotoka, na kina chake ni kifupi. Mvua zikiwa nzuri linajaa, zikikataa linanywea mpaka upepo unapeperusha vumbi jeupe. Miaka ya maji kuna samaki: perege na kambale. Perege wa kule si huyu sato wa Ziwa Victoria ninayemla hapa chuoni. Yule ni mwenyeji wa maziwa ya chumvi, Eyasi, Manyara na Kitangiri, wataalamu wanamwita Oreochromis amphimelas. Akiliwa mbichi mbichi, siku ileile, ni mtamu kinoma.

Tatizo ni ile "siku ileile". Samaki wa Eyasi akitaka kufika Oldeani anapanda mlima. Anapanda kwenye kapu, nyuma ya pikipiki, juu kafunikwa majani au gunia lililolowekwa maji. Barafu mara nyingi hakuna. Asubuhi ni samaki, saa sita ni swali, jioni ni kesi. Aliyemnunua kwa jumla ana hela yake imelala pale ndani ya kapu, hawezi kuitupa. Simlaumu kwa kuogopa hasara. Namlaumu kwa anachofanya baadaye, maana jioni hiyo ndipo unga unapoingia kazini.

Likizo iliyopita nilinunua kipande cha kukaanga sehemu fulani, jina nalihifadhi. Kilikuwa kikubwa, cha njano, kinang'aa. Nikaketi, nikalibandua ganda lote nikaliweka upande mmoja wa sahani, samaki nikamweka upande wa pili. Lundo la ganda lilimzidi samaki! Na samaki mwenyewe nyama imelegea kama uji uliopoa, ndimu imemwagwa humo mpaka inakereketa, ili usinuse kinachopaswa kunuswa. Nimelipa bei ya samaki nikala unga wa ngano uliokaangwa. Na kilo ya unga ni rahisi mara kadhaa kuliko kilo ya samaki, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe faida iko wapi.

Najua watetezi watasema, "Aah, kijana, moto unaua kila kitu." Hapana. Moto wa kutosha unaua vimelea wengi, hilo sipingi. Lakini haumrudishii samaki aliyeharibika uzima wake, na zipo sumu ambazo bakteria wakishazitengeneza ndani ya nyama, kukaanga hakuziondoi. Mtoto akiharisha usiku kucha, hakuna atakayelishtaki ganda. Watasema ni maji, au ni maembe.

Nisieleweke vibaya. Siwapigi vita mama zetu wanaokaanga barabarani. Wengi wao wanakaanga kwa haki, na wengine ndio wametusomesha. Nawapiga vita wachache wanaofanya ganda kuwa kiini macho, na nawapiga vita zaidi wateja tunaochagua kipande kwa ukubwa na rangi badala ya kuuliza samaki kaja lini. Mama akiweka karai mbili, moja ya samaki mwembamba anayeonekana magamba yalipoparuliwa, nyingine ya mabonge ya njano, sisi tunakimbilia mabonge. Halafu tunalalamika. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya hakihangaiki kutembea, kinavaa tu.

Haya, hilo ndilo kundi la kwanza. Kundi la pili ndilo linanikera kuliko yote, na humo wamejaa wasomi wenzangu. Hawa ni watu wa paketi. Kwao samaki hajakaangwa mpaka avalishwe chenga za mkate za kununuliwa, za kwenye boksi lenye picha, zimepanda meli na ndege kuja kwetu. Ukimwambia unga upo dukani kwa Mangi anakutazama kama umetoka porini. Mtu anatoka Oldeani, kijiji chenye ngano pembeni ya nyumba, anaenda supamaketi Arusha kununua ngano ya watu wengine iliyookwa, ikakaushwa, ikapondwa, ikatiwa kwenye boksi. Jamani!

Tuongee ukweli. Tanzania sehemu kubwa ya ngano tunayokula inatoka nje. Karatu ni moja ya sehemu chache za nchi hii ambako mkulima wa kawaida bado anapanda ngano. Badala ya kujivunia tunaiona ya kishamba, na ile ya boksi tunaiona ya maana.

Na mbaazi je? Wana Karatu mnaikumbuka 2017? Kwa miaka tulikuwa tunalima mbaazi kwa ajili ya India, wenyewe tunazila kwa nadra. Agosti 2017 India ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi za kutoka nje, soko likafunga mlango na bei ikaanguka vibaya. Magunia yakakaa ndani, watu wakabaki wanayatazama kama mgeni asiyeaga. Kuna wanafunzi walikosa ada mwaka ule kwa sababu ya zao ambalo hapo kwao hakuna aliyekuwa amezoea kulipika. Sisemi kwamba kukaanga samaki kwa unga wa mbaazi kungeokoa soko la nchi nzima, sijalewa. Nasema tu kwamba watu wasiokula wanacholima wanakuwa mateka wa anayekila. Na unga wa mbaazi, nitawaonyesha hapo chini, unamfaa samaki kuliko hizo chenga za boksi.

Hapa Mwanza ninaposoma somo hilo liko wazi kila siku. Sangara anavuliwa, anaingia kiwandani, minofu inasafiri Ulaya bila ganda wala chumvi. Kinachobaki, kichwa na mifupa, ndiyo mapanki, yanakaangwa na kuliwa huku. Mnakumbuka kelele za ile filamu ya Hubert Sauper ya 2004, Darwin's Nightmare, mpaka Rais Kikwete mwaka 2006 akaikemea hadharani. Watu walibishana kuhusu ndege na silaha, mimi niulize kitu kidogo tu: ule mnofu ukifika kule, nani anauvika unga, nani anaukaanga, nani anauweka kwenye boksi na kuweka bei mpya? Si sisi. Wenzetu walishagundua zamani kwamba hela iko kwenye ganda. Uingereza kampuni ya Birds Eye ilianza kuuza vijiti vya samaki vilivyopakwa chenga mwaka 1955, na mpaka leo watoto wa kule wanakula samaki bila kuwahi kumwona ana macho. Kwao sawa, wanakaa mbali na ziwa na samaki wao anatoka kwenye barafu. Sisi wenye ziwa hapo bondeni tunaiga kitu kilichobuniwa kwa ajili ya mtu asiye na samaki mbichi. Kwa nini?

Kundi la tatu ni rafiki zangu, lakini nao lazima niwachape. Hawa wanasema ganda lolote ni uzungu: samaki ni chumvi, ndimu na mafuta ya moto, mengine ni mbwembwe. Mwenzangu wa chumbani, mtu wa Ukerewe, ni mfuasi sugu wa kundi hili. Nimebishana naye mpaka mlinzi akaja kugonga mlango.

Kwa sato mkubwa, mnene, aliyevuliwa asubuhi na yeye akiwa pwani ya ziwa, nampa haki yake. Chumvi na ndimu zinatosha. Lakini perege mdogo wa Eyasi nyama yake ni laini, ukimtupa kwenye karai uchi anagandia chini, ngozi inabaki kwenye chuma, wewe unabaki na makombo. Na kambale, ambaye hana magamba na ana maji mengi, anarusha mafuta mpaka mpishi anakimbia jiko. Unga mwembamba unakausha ngozi, unazuia kugandia, unatuliza mafuta. Hayo ni mambo ya jikoni, hayana utaifa.

Na kuhusu uzungu, tusidanganyane. Wajapani tunaowasifia kwa kulinda utamaduni wao walijifunza kukaanga samaki na mboga kwenye ganda kutoka kwa Wareno, karne ya 16. Hata jina la chenga zao, panko, lile "pan" la mwanzo ni mkate kwa Kireno. Wareno haohao walipita kwetu, Vasco da Gama alifika pwani hii 1498, Fort Jesus wakaanza kuijenga 1593. Wajapani walichukua ufundi wakautia unga wao, mafuta yao na samaki wao, leo dunia nzima inauita wa Kijapani. Na mahindi yetu, ambayo bila ugali wake mtu wa Karatu haoni kama amekula, nayo yalivuka bahari kutoka Amerika. Kitu kinakuwa chako ukikilima, ukikisaga na ukikipika kwa akili yako. Hakiwi chako kwa kusoma maandishi ya boksi.

Tena sisi wa kule juu tuna sababu ya ziada ya kutilia maanani ganda. Wazee wengi wa jamii za wafugaji, Wamasai na Wabarabaig kwa mfano, samaki walikuwa hawamgusi kabisa. Bibi yangu mzaa mama naye alikuwa hivyohivyo. Akimwita samaki "yule nyoka wa majini", anahama na kigoda chake akakae mbali na jiko. Siku moja mama alimkaangia perege mdogo kwa unga wa dona, mwembamba, ngozi inaonekana, akampelekea na ugali na mchicha. Bibi akakigeuza kipande huku na huku, akauliza swali ambalo nalitumia mpaka leo: "Mbona mmemfunika, ana nini?"

Mama akakiparua kwa kidole, unga ukatoka, akamwonyesha. "Hana kitu, mama. Tumemfunika asiungue." Bibi akala. Hakusema kitamu, yeye hasifii chakula, lakini alimaliza.

Swali la bibi ndiyo mtihani wangu wa kila ganda. Mbona mmemfunika, ana nini? Kama mpishi anaweza kukiparua kipande mbele yako bila wasiwasi, hilo ni ganda. Kama anaanza kuleta maneno mengi, hilo ni pazia.

Sasa nisije nikaitwa mtu wa kulalamika tu. Kwetu tunasema, sijui kwenu, anayetukana chakula aonyeshe sufuria yake. Haya, sufuria yangu hii hapa.

Kwanza samaki, kabla hujagusa unga. Macho yawe yamejaa na yanaona, si yaliyozama na kuingia ukungu. Matamvua yawe mekundu. Bonyeza nyama, ikirudi ni mzima, kidole kikiacha shimo mrudishie mwenyewe. Tumbo liwe halijapasuka. Samaki mbichi ananuka ziwa, hanuki shombo la kuumiza pua. Ukikosa hata viwili kati ya hivyo, hakuna unga duniani utakaokusaidia, nenda kale maharage.

Halafu mpare, mtoe matumbo na matamvua, muoshe, na umchanje mistari mitatu kila upande. Kuchanja si urembo. Samaki aliyetoka majini saa chache zilizopita misuli yake bado imekaza, ukimweka kwenye mafuta anajikunja mwenyewe. Ule msemo wa mkunje samaki angali mbichi, huyu wala husubiri umkunje. Mistari inamlegeza na inapitisha moto ndani. Kambale msugue kwa chumvi na majivu mpaka ule utelezi uishe, halafu umkalishe kwenye ndimu dakika kumi. Ile ladha ya tope inayowakimbiza watu inatokana na vitu vinavyotengenezwa na viumbe wadogo wa majini, na uchachu unaivunja. Ndimu hapo ina kazi. Kwa perege mzima matone machache yanatosha, ukizidisha unampika kabla ya jiko.

Kisha mkaushe kwa kitambaa safi. Wengi hapa ndipo wanapoharibu. Samaki akilowa, unga unageuka ugali juu yake, ganda linakuwa nene bila wewe kutaka, na mvuke unalibandua vipande vipande.

Sasa unga. Kila mmoja una tabia yake:

1. Unga wa ngano unashika vizuri kuliko wote na unatoa ganda laini. Ukiwa peke yake unalegea haraka samaki akipoa.

2. Dona au sembe haunati, hivyo peke yake unadondoka, lakini ndio unaotoa ule mlio wa kutafuna. Dona lina chenga kubwa kidogo na ladha ya mahindi yenyewe. Mimi ni mtu wa dona.

3. Unga wa mchele unakauka vizuri na haunywi mafuta mengi. Mzuri sana, ila kule kwetu mchele ni wa kununua.

4. Unga wa dengu, ule wa bajia, una rangi na ladha, unawahi kuiva kwa nje, hivyo ukiwa na moto mkali unakuunguzia.

5. Unga wa mbaazi ni ndugu wa dengu, na sisi tunalima. Koboa mbaazi kavu, zikaange kavukavu kwenye sufuria mpaka zitoe harufu kama karanga (usipokaanga zinabaki na ladha ya ubichi), peleka mashine au twanga, chekecha. Unakaa vizuri kwenye kopo lenye mfuniko.

6. Chenga za mkate, kwa anayezitaka, atengeneze mwenyewe. Chukua vile vipande vya mwisho ambavyo watoto hawavitaki, vianike mpaka vivunjike kwa mkono, ponda kwa chupa. Angalizo: mikate yetu mingi ina sukari, kwa hiyo chenga zake zinawahi kuungua. Moto uwe wa wastani.

Kwa perege wanne wa kiganja, mchanganyiko wangu ni vijiko vinne vya ngano, viwili vya dona, viwili vya mbaazi, chumvi nusu kijiko cha chai, pilipili manga, na unga wa tangawizi kidogo ukiwa nao. Ngano inashika, dona linalia, mbaazi inaleta rangi ya dhahabu bila rangi ya dukani. Mgaragaze, halafu mkung'ute. Narudia, MKUNG'UTE! Unga wote usioshika mwenyewe hauna haki ya kuingia kwenye karai. Ukimaliza, ile mistari uliyomchanja uwe bado unaiona.

Kwa kambale mwenye mafuta, geuza: dona vijiko vitano, ngano viwili, mbaazi kimoja. Kwa mnofu mnene usio na ngozi, hapo ndipo tabaka tatu zina maana: ngano kavu, halafu kitu cha majimaji, halafu chenga za mkate au dona. Ngano inakausha, ute unashika, chenga zinalinda nyama. Vitabu vinasema yai. Mimi nasema mtindi. Watu wa mifugo tunao, ni mzito, unashika, na uchachu wake ni dawa ya ladha ya tope. Mpake kidogo tu, asiogelee.

Mafuta ya alizeti, mengi kiasi cha kumfikia samaki nusu ya unene. Chomeka kijiti cha kiberiti kisicho na baruti: kikitoa povu dogodogo pembeni bila kuchachamaa, weka samaki. Na hapa wana Oldeani nisikilizeni, hili hata mapishi ya redioni hawalisemi. Pwani maji yanachemka nyuzi 100, kwetu juu ya mita 1,500 yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo ndani ya samaki panaiva kwa moto mdogo kuliko pwani, wakati mafuta ya nje yanaunguza vilevile. Ukifuata maelekezo ya Dar ya mafuta ya nyuzi 180, nje panakuwa kahawia ndani bado. Kila mita 300 za kupanda, punguza nyuzi kama mbili. Kwetu basi ni kama 170. Vuta makaa pembeni kidogo, usiwe na papara. Dakika tatu au nne kila upande kwa perege wa kiganja. Usiwajaze karai, mafuta yakipoa ganda linayanywa yote. Toa, mweke kwenye waya au wima kwenye ungo, si kwenye sahani iliyofunikwa, maana mvuke utalilegeza ganda.

Ndiyo hivyo. Vitu vyote hivyo, ukiacha ndimu na pilipili manga, vinapatikana kati ya Mlima Oldeani na Ziwa Eyasi au kwa jirani. Hakuna boksi hata moja.

Sasa nataka nini? Mambo matatu tu.

Wateja: tuanze kuomba kuonyeshwa samaki kabla hajavikwa. Si matusi. Ukinunua kitambaa unakigusa, ukinunua ng'ombe unamfungua mdomo, kwa nini samaki umchukue kwa imani? Unasema tu, "Shikamoo mama, naomba nimwone kabla hujamtia unga." Mwenye samaki mzuri atafurahi, atakuonyesha na matamvua juu.

Wakaangaji: vikeni wembamba, na mkikosa samaki mzuri siku hiyo kaangeni mihogo. Watu watarudi kesho. Mtu aliyeharishwa harudi, na anawaambia na wengine. Samaki mmoja akioza wanaonuka ni wote, hata yule wa mama mwaminifu wa meza ya pili anakosa mnunuzi. Yeye ndiye anayeumizwa zaidi na usanii huu, na hakuna anayemtetea.

Wenzangu wasomi, hasa mnaosomea hoteli na utalii mkijua mtaajiriwa kwenye mahoteli ya Karatu: mtalii amesafiri saa kumi kwenye ndege, boksi lake kaliacha kwao kwenye friji. Mpeni perege wa Eyasi kwenye dona na mbaazi ya Karatu, na kachumbari ya kitunguu cha Mang'ola, na mwambieni kila kimoja kimetoka wapi. Mkimpa chenga za boksi mnamrudishia cha kwao kwa bei ya kwetu, na mkulima wa Njiapanda anaendelea kukaa juu ya gunia.

Yule mtu wa Ukerewe amesoma juu ya bega langu wakati naandika, anasema bado chumvi na ndimu zinatosha. Nimemwambia Jumamosi tutanunua sato wawili mwaloni, mmoja akaange yeye kwa imani yake, mwingine nitamvika mimi, na waamuzi watakuwa korido nzima. Unga wa mbaazi ninao, mama alinifungia kopo moja.

Karibuni kwa maoni, mnaonipinga pingeni kwa hoja. Ila mtu akija kuniambia ganda nene ndiyo tamu, nitamuuliza lile swali la bibi tu.

Tuko pamoja.